Tiketi Ni ya Watoto

Mwanangu Raya,

Salamu za mdomo utazipata kesho bandarini Mkoani, na nnajijua mwenyewe. Nitasema "haya, nendeni salama," kisha nitageuka nijifanye nnatafuta gari ya kurudia Micheweni, nawe utasema moyoni, baba yangu mkavu huyu. Ndiyo maana nimekaa hapa kwenye cherehani nikuandikie, maadamu wewe na mama yako mko Msuka mnaaga jamaa. Magharibi nimeshaswali. Mkirudi mtanikuta nimejiinamia nnashona, na karatasi itakuwa imeshaingia kwenye mkoba wako wa mkononi, chini ya nepi za Ali. Isome ndani ya boti, kabla hujafika Unguja.

Sikuandikii habari za makoti. Wala za swala, wala za nyama ya halali, wala za kukaa vyema na mumeo. Hayo mama yako kayasema wiki nzima mpaka kuku wa uani wameyahifadhi. Said ni mtu mzuri, kakungoja huko kwa subira, na Kanada ni nchi ya watu kama nchi nyengine. Mimi nna jambo moja tu, nalo ni tiketi.

Ee, cheka. "Baba naye! Mambo ya ndege anayajulia wapi?" Cheka umalize, kisha usome. Yule kijana wa wakala kule Unguja amesema anakushikilia zote mbili mpaka kesho alasiri. Ile ya bei rahisi ni ndege tatu, na katikati mnalala uwanjani usiku mzima. Ile ya bei kubwa ni ndege mbili, mnashuka, mnapumzika kidogo, mnapanda, na Ali anapewa kile kitanda kidogo kinachotundikwa ukutani mbele ya kiti chako. Wewe umeshachagua. Ulisema mbele yetu sote, Ali yuko kiunoni na dadake Salha pembeni yako: "Baba, ni usiku mmoja tu. Sisi si mayai, hatuvunjiki. Kitakachobaki mtaezekea ukumbi."

Kila mtu akakusifu. Mama yako akasema, "Huyu ndiye mwanangu." Na mimi, mdomo wangu huu usio na breki, nikasema, "Karithi kwa baba yake." Tangu hapo neno hilo nnalijutia.

Kwa sababu hadithi unaijua. Barza nzima inaijua. Jinsi mama yako alivyopata nafasi ya kwenda kusomea ualimu Malaysia, jinsi nilivyowachukua nyinyi wawili nikamfuata, wewe una miaka mitano na nduguyo Hamad ndiyo kwanza anajua kukimbia. Jinsi wengine walivyonunua tiketi za ghali na mimi mjanja nikapata ya rahisi, nikavuka bahari na watoto wawili, mwanamme peke yangu, na hakuna aliyepiga hata chafya. Nimeisimulia mpaka wenzangu wakiniona nnakohoa tu kuanza, huagiza kahawa nyengine. Basi leo nakwambia wewe peke yako: katika hadithi ile, la kweli ni kwamba mimi ni mwanamme. Mengine nimeyatia chumvi, na mengine ni uongo mtupu.

Mwanzo wake ni huu. Miaka ile vyama vingi ndiyo vimeingia, nasi Pemba tukavipokea kwa meno. Watu tulisusiana, Raya. Hununui duka la mtu wa upande wa pili, hupandi gari yake, huli karamu yake. Mtu alipita mlango wa jirani aliyefiwa akajitia kiziwi. Mimi nilikuwa nikishona bendera za chama chetu kwa cherehani hii hii, na siku moja nikaletewa sare ya skuli ya mtoto wa upande wa pili, nikasema uzi umekwisha. Uzi umekwisha! Na mezani umejaa wa kila rangi. Yule mtoto akakunja kitambaa chake akaenda zake, na mimi nikajiona shujaa.

Sasa, aliyekuwa akiuza tiketi nzuri alikuwa Mzee Kombo wa Wete, mtu mzima, mwenye duka la vitambaa na uwakala wa ndege. Nilikuwa nikinunua kwake tangu ujana wangu. Tiketi yake ilikuwa ya kubadilisha ndege mara moja tu. Lakini Kombo alikuwa upande wa pili. Mtu wetu sisi alikuwa Chake Chake, na yule alikuwa na ile ya ndege tatu na kulala njiani. Mimi nikenda kwa mtu wetu.

Kombo akapata habari. Kisiwa hichi, wewe unakijua, siri hailali. Akamtuma mkewe. Bibi wa watu kaja na jua la saa saba mpaka Micheweni, kasimama hapo mlangoni hajakaribishwa hata maji, kasema, "Fundi, mzee anakwambia hivi: tuliogombana ni watu wazima. Tiketi ni ya watoto. Njoo uichukue kwa bei ile ile ya huko Chake."

Kwa bei ile ile, Raya. Unaona? Haikuwa habari ya rahisi wala ghali. Na mimi nikamjibu, "Mwambie mzee, wanangu hawapandi ndege ya chama chake." Ndege ya chama! Ndege ya watu wa Ghuba, haijui hata Pemba iko pembe gani ya dunia, mimi nimeshaipa kadi. Yule bibi alijitanda kanga yake vizuri akarudi alikotoka.

Kombo keshatangulia mbele ya haki. Nilimzika, nilishika jeneza kwa bega langu, lakini wakati wa kumwambia ulikuwa umeshapita. Nilichobaki nacho ni hichi tu: mtu akisema "nimechagua hichi kwa kuwa rahisi," mimi siku hizi sisadiki mara moja. Mara nyingi rahisi ni shuka tu, ndani yake kimelala kitu chengine. Kwangu kililala kiburi. Kwako najua si kiburi, na nitafika huko, usinikimbize.

Nikafanya na kosa la pili, na hili si langu peke yangu, hili ni la Pemba nzima. Umeona mwenyewe bandarini. Mama anapanda boti na watoto watatu, hajapata hata pa kukaa, mmoja kashachukuliwa. "Lete nikupakatie." Mtoto anazunguka mapajani mwa watu asiowajua, huyu anamlisha andazi, yule anamfuta makamasi, mama kajilalia zake, na boti ikifika Unguja ndiyo anapita safu kwa safu akikusanya wanawe. Mimi nilijua safari ndiyo hiyo, iwe ya baharini au ya mbinguni. Sikuchukua kitu cha kumchezesha Hamad, sikuwaza nitamlaza wapi. Nilisema, watu si watakuwemo?

Watu walikuwemo, tele. Hamad alipoanza kulia kule juu, nikageuka nyuma, nikamnyanyua juu ya mgongo wa kiti, nikamwelekezea mama mmoja mwenye uso wa huruma. "Nipakatie, dada." Yule mama akanitazama, akamtazama Hamad ananing'inia hewani anapiga mateke, kisha akavaa yale madude ya masikioni akafumba macho. Nikamjaribu bwana wa upande wa pili wa njia, naye akaita mhudumu. Mhudumu akaja anatabasamu, akanionyesha kwa vidole nimrudishe mtoto na nifunge mkanda. Wewe ukaniuliza, "Baba, hawamtaki?" Nikasema, "Wamechoka, mwanangu." Kwao mtoto ana wenyewe, na si kwamba wana roho mbaya, ndivyo walivyokuzwa.

Kwa hivyo ile bei kubwa unayoiogopa usidhani ni ya kiti kipana na pazia. Viti vya mapazia ni vya wenye navyo, sikwambii hivyo. Unachonunua ni yale tunayopewa bure kwenye boti: mahali pa kumweka mtoto mikono yako ikichoka, safari inayokwisha kabla akili haijakwisha, mtu aliyelipwa akusaidie na asiyeweza kufumba macho.

Tukashuka kwenye ule uwanja wa katikati. Ukumbi mkubwa, taa kama mchana, na baridi ya mashine inayoingia mpaka kwenye mifupa. Viti vyote vina mikono ya chuma katikati, vimetengenezwa makusudi mtu asilale. Nikasema, hawa hawanijui mimi. Nilikuwa nimemchukulia mama yako mkeka wa zawadi, wa ukindu wa rangi, bibi yako kausuka mwenyewe. Nikautandika pale chini, katikati ya dunia nzima inayopita na mabegi ya magurudumu. Tukakaa. Tukala mkate wa ajemi na samaki wa kukaanga, watu wanatukwepa kwa ile harufu. Akaja askari. "No, no." Nikakunja. Akaenda, nikatandika. Akarudi, nikakunja. Mara ya tatu akachoka yeye, akatuonyesha pembe nyuma ya nguzo. Hiyo sehemu ndiyo niisimuliayo barzani, na watu hucheka mpaka wakakohoa.

Sehemu isiyosimuliwa ni hii. Nilikuwa sijalala tangu Pemba. Hamad alikuwa akitoroka kila nikipepesa, anakimbilia ngazi zile zinazojiendesha zenyewe. Nikaona macho yanajifumba. Nikakwambia, "Raya, mama yangu, mkamate mguu nduguyo. Usimwachie mpaka baba aamke. Ukimwachia atapotea, na mama yako hatatuelewa." Ukasema, "Sawa, baba." Miaka mitano, Raya. Nikalala.

Sijui nililala kiasi gani. Nilipoamka alfajiri ilikuwa imekaribia, na wewe umekaa vile vile nilivyokuacha, mgongo umenyooka, mikono yote miwili imeuzunguka mguu wa Hamad. Hamad amelala fofofo. Macho yako mekundu. Na mkeka umerowa chini yako. Vyoo vilikuwa palepale, milango inaonekana, lakini hukwenda kwa kuwa nilikwambia usimwachie. Hukulia. Uliponiona nimefumbua macho ulisema, "Baba, yuko. Sikumwacha."

Nikakupeleka kukusafisha. Nikaifua ile suruali yako kwenye beseni, nikaikausha kwenye ile mashine ya ukutani inayopuliza mikono, nabonyeza inazima, nabonyeza inazima, watu wamepanga foleni nyuma yangu na mikono inachuruzika maji. Nikakuvisha ikiwa na joto. Na unajua nilikwambia nini? Nilipaswa kukuomba radhi. Nikakwambia, "Hongera! Leo umekuwa mtu mzima." Ukafurahi, Raya! Ulitembea mpaka kwenye ndege kidari mbele. Mama yako alipotupokea akauliza, "Safari vipi?" Nikasema, "Raha tupu." Nawe ukanitazama, ukasema, "Raha tupu, mama." Hapo ndipo hadithi ilipoanzia.

Na kweli ukawa mtu mzima, kuanzia siku ile hukurudi tena utotoni. Tuliporudi Pemba, samaki akigawiwa wewe wachukua mkia kabla hujaulizwa. Hamad apelekwe skuli ya mjini, ulisema, wewe hii ya hapa inakutosha. Harusi yako ulitaka iwe ya mchana mmoja, tusisumbuke. Ali alizaliwa usiku ukatuzuia kuamsha majirani. Kila mara mimi nilisema, mashallah, mtoto huyu hana mzigo. Nilijisifia malezi. Sikuwahi kujiuliza kama wewe mwenyewe ulipenda mkia wa samaki.

Sasa ndiyo maana nilisema kwako si kiburi. Unachoogopa wewe si bei, mwanangu. Unaogopa kuwa mzigo wa mtu. Ungepewa ile tiketi nzuri bure ungetafuta wa kumpa. Ukumbi unavuja, ndiyo, unavuja tangu mvua za masika za mwaka juzi, na mimi na mama yako tunajua pa kuweka ndoo. Hatujawahi kulala nje.

Kama ungekuwa unakwenda peke yako nisingetia neno. Nduguyo Hamad alipokwenda Dubai alilala sakafuni kama gunia, akaamka anacheka, na nikamwambia vizuri. Mtu mzima mwenye begi moja achukue tiketi ya chini kuliko zote, alale popote, dunia ni yake. Lakini watoto wakiwemo, ule usiku lazima upate wa kuulipa. Wewe unajiambia utaulipa wewe. Mimi pia nilijiambia hivyo. Kisha mwili ukakataa, na ule usiku ukaangukia mkononi mwa aliye mdogo.

Na nisingeandika haya yote, ningekufa nayo, lau si la juzi. Nilikuwa hapa nnatia vifungo. Salha alikuwa chini ya meza yangu na Ali, anacheza. Kafunga kanga mgongoni, kapanga vipande vyangu vya vitambaa kuwa viti. Nikamuuliza, "Mjukuu wangu, unacheza nini?" Akasema, "Nacheza kulala uwanjani, babu." Kisha akakaa, mgongo kaunyoosha, akamkamata Ali mguu kwa mikono yote miwili. Ali akawa anacheka anataka kutambaa. Salha hacheki. Nikamwambia, "Na wewe hulali?" Akanitazama kama nimeuliza la kijinga. "Mama kasema akilala yeye, mimi nisilale. Mimi mkubwa."

Miaka mitano, Raya.

Nilijichoma sindano kidoleni, nikasingizia hiyo kwa machozi yangu. Wewe hukujua unachomwambia, najua. Ulikuwa unampanga tu mtoto ajisikie ana kazi, na pengine ulikuwa umesahau hata ulijifunzia wapi. Uliniona mimi, ukadhani ndivyo safari inavyokuwa. Si kosa lako hata chembe. Lakini jambo hili liko mkononi mwako kulikata, na langu limeshanipita.

Sikuamrishi. Una mume, una akili kuliko zangu, na nimeshakuamrisha vya kutosha katika maisha yako. Nakuomba tu, na mimi si mtu wa kuomba, mama yako atakwambia. Ukifika kwa yule kijana usimuulize ipi rahisi. Mwambie, nna watoto wawili, nipe ile nyengine. Omba kile kitanda cha Ali kwa sauti, wala usione haya. Mhudumu akija na kutabasamu kwake, mwambie nimechoka, nishikie. Neno hilo hujawahi kulitamka, litakukwama mara ya kwanza, kisha utalizoea.

Nakupenda, Raya. Nakupenda kuliko nilivyowahi kusema, kwa kuwa sijawahi kusema. Nilikusifu tu, na kumbe sifa zangu zilikuwa zikikuongezea kazi. Nisamehe, na kama huwezi leo, nisamehe ukiwa na nafasi.

Mkishafika, mpigie mama yako umweleze habari za baridi na za Said. Kisha mwombe anipe mimi simu. Usinambie kilichobaki ni kiasi gani. Nambie ilikuwaje ulipowaza kumwamsha Salha akusaidie, ukamtazama, ukamwacha alale.

Baba yako